Jongoo Aliyefunga Machimbo

Mtoto wa darasa la sita atakutajia dhahabu ya Geita na tanzanaiti ya Mererani bila kusita. Hata baruti inavyopasua mwamba atakueleza. Muulize mgodi hufungwaje, atakutumbulia macho. Si kosa lake: masomo yake yameishia pale lori linapoondoka na mawe.

Mwalimu wa sura hiyo iliyorukwa yuko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Ana miguu myekundu na hujiviringa akiguswa. Ni jongoo, na wengi humponda wakimfananisha na tandu, ilhali yeye haumi.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, kikichimba mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Mitambo iliposogea mbele, nyuma yake likabaki jangwa jeupe: udongo hakuna, jua linachoma, maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, na iliyotamba ni mvinje. Mizizi yake ina vinundu wanamoishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo mti huo haungoji udongo uulishe.

Kasoro ikajitokeza chini yake. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yana tanini nyingi. Yalidondoka, yakarundikana, yakagoma kuoza. Miti ilikuwepo, udongo haukuwepo. Ndipo Haller alipomwona jongoo akiyatafuna yale makavu, akaagiza majongoo waokotwe kwa wingi na kuachiwa chini ya mivinje. Jongoo halishibishi shamba kwa muujiza wowote. Anasagasaga jani, linapita tumboni, linatoka likiwa vidonge vya kinyesi ambavyo bakteria sasa wanaviweza. Wao huvimalizia, na hiyo ndiyo mboji. Mboji ilipoongezeka, mimea mingine ikapata pa kushika mizizi.

Mengine yakafuata: nguzo za kujengea, kuni, mabwawa ya samaki, ndege, twiga, wageni wa kulipa kiingilio, na Owen, yule kiboko aliyenusurika tsunami ya 2004 kisha akaandamana na kobe Mzee. Kiboko ndiye aliyepata umaarufu. Aliyetengeneza udongo wengi hawamjui.

Tusimtwishe jongoo mzigo usio wake. Zebaki na sayanidi za migodi ya dhahabu hazili. Huko kufunga mgodi ni kudhibiti maji yenye sumu, kuimarisha kuta za mabwawa ya tope na kurudisha udongo wa juu, ambao ulipaswa kutengwa kabla ya kuchimba. Sheria za Kenya na Tanzania zinawataka wachimbaji wakubwa waweke dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Lakini mashimo ya mawe na mchanga yanayozunguka miji yetu yanaachwa wazi, mvua inayajaza, watoto wanaenda kuogelea. Hilo ni uzembe, na wanaolilipia ni watoto.

Basi mwalimu, ukiwapeleka wanafunzi Bamburi, usiwakimbize kwa twiga. Wachutamishe kwanza chini ya mvinje, wafukue majani, wamtafute jongoo. Mkirudi, nendeni kwenye shimo lililo karibu na shule yenu, kisha mwandikieni diwani barua: nani alilichimba, na atalifunga lini?