JINSI YA KUREKODI GITAA NYUMBANI KWA PROGRAMU HURIA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwalimu mlezi wa chama aliniambia niandike juu ya kitu ninachokijua, si kitu nilichokisikia. Nami ninachokijua ni hiki: jinsi ya kurekodi gitaa nyumbani kwa programu za kompyuta zisizolipiwa hata senti. Nilijifunza kwa kukosea, kwa hivyo nitawaonyesha pia mahali nilipokosea.

Kwa nini nilianza

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Babu yangu mzaa mama, ambaye amekaa Kaloleni tangu mama akiwa mtoto, hupiga gitaa kavu. Hupiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, kwa mtindo wa kwao Magharibi uitwao omutibo. Kando yake lazima awepo mtu wa kugonga chupa ya Fanta kwa msumari ili kushika mwendo. Ana nyimbo kumi na moja alizotunga mwenyewe, na hakuna hata moja iliyowahi kurekodiwa.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kwanza ilikuwa asubuhi tu, halafu ikawa mpaka jioni. Mama akaenda kuuliza bei ya studio. Aliporudi hakututajia pesa ngapi, alisema tu, "Tutaangalia mwezi ujao." Sisi watu wa mtaa tunajua maana ya maneno hayo.

George Mukabi wa Kisa, aliyevuma kwa omutibo katika miaka ya 1950, alifariki mwaka wa 1963, lakini bado tunamsikia kwa sababu sauti yake iliingia kwenye santuri. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952, na gitaa lake likajulikana dunia nzima. Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi na Equator hapa Nairobi miaka ya 1960. Siku hizo ilibidi mwenye mashine akuone. Je, ni wapigaji wangapi hodari ambao hawakuonwa? Hao hawana daftari. Nikaapa babu hatakuwa mmoja wao.

Programu huria ni nini?

Hapa Kiswahili kimewashinda Waingereza. Wao wana neno moja kwa mambo mawili: kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa. Sisi tuna maneno mawili, bure na huria. Programu inaweza kuwa ya bure lakini imefungwa. Unaitumia, lakini huruhusiwi kuchungulia ilivyoundwa. Programu huria huja na ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza maandishi iliyoundwa nayo, kuinakili na kumgawia jirani, na kuirekebisha kisha kutoa marekebisho yako. Ni kama jirani akupe chapati, halafu akuonyeshe na jinsi ya kukanda unga.

Harakati hizi zilianza 1983 wakati Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka wa 1991 Linus Torvalds wa Finland akatoa Linux. Msidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka wa 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hata Ubuntu, aina ya Linux iliyotoka mwaka huohuo wa 2004, jina lake latokana na lugha za kusini mwa Afrika na ni ndugu wa neno letu "utu".

Programu niliyotumia inaitwa Audacity. Ilianzishwa 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka wa 2000. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ziko nyingine: Ardour ni ya kazi kubwa yenye vyombo vingi, Hydrogen hupiga ngoma, na Guitarix, ambayo hutumika kwenye Linux, hufanya gitaa la umeme lisikike kama limepitia amplifaya. Lakini kwa anayeanza, Audacity inatosha kabisa.

Vifaa

Mimi nilikuwa na kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja, betri yake imekufa kitambo. Nikaazima maikrofoni ya USB kwa kaka mmoja wa Umoja. Nilikuwa pia na hedifoni za waya. Msitumie zile zisizo na waya, kwa sababu sauti huchelewa njiani. Kama huna maikrofoni, rekodi kwa simu kisha uhamishie faili kwenye kompyuta. Si vizuri sana, lakini ni bora kuliko kutorekodi.

Mwenye gitaa la umeme asilichomeke moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Tundu hilo halikutengenezwa kwa gitaa, na sauti itatoka nyembamba na yenye kelele. Atahitaji kisanduku cha sauti cha USB chenye tundu la gitaa.

Hatua ya kwanza: kupata programu

Pakua Audacity kutoka kwa tovuti ya wenyewe, si mahali popote tu, maana kuna matapeli wanaochanganya programu huria na virusi. Mimi nilienda saiba na flashi. Faili yenyewe si kubwa, hailingani na Ubuntu Studio ambayo ni gigabaiti kadhaa. Ukishaifungua, ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague maikrofoni yako. Usipofanya hivyo kompyuta itasikiliza kwa maikrofoni yake ndogo iliyo karibu na feni, nawe utarekodi feni. Mimi niliirekodi usiku mzima.

Chagua mstari mmoja wa sauti, si miwili, kwa kuwa maikrofoni ni moja. Kisha chagua sampuli 44,100 kwa sekunde. Kwa nini namba hiyo? Sikio la binadamu husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde, na kompyuta huhitaji vipimo zaidi ya mara mbili ya hapo ili kuinasa sawasawa. Waya mnene wa gitaa hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde, lakini mlio wake una vimilio vidogo vingi vya juu, na hivyo ndivyo vinavyotufanya tujue hili ni gitaa wala si filimbi.

Hatua ya pili: chumba na saa

Hapa ndipo Eastlands inapokupima. Matatu za Jogoo Road, redio ya jirani, watoto kwenye ngazi, mbwa. Si rahisi kwa programu kuondoa honi ya matatu katikati ya wimbo. Tulingoja hadi saa nne usiku. Tukatundika blanketi mlangoni na godoro ukutani nyuma ya babu, kwa sababu ukuta mtupu hurudisha sauti na kuufanya wimbo usikike kama umepigwa bafuni. Tukazima friji pia. Msisahau kuiwasha tena! Maziwa yetu yaliharibika.

Hatua ya tatu: maikrofoni

Nilidhani maikrofoni huelekezwa kwenye tundu la gitaa. La hasha! Hapo hutoka mvumo mtupu. Iweke kama sentimita 30 kutoka kwenye gitaa, ikielekea pale shingo inapokutana na mwili. Sogeza kidogo, sikiliza, sogeza tena. Mkao mzuri unashinda marekebisho yote ya baadaye.

Hatua ya nne: kiwango cha sauti

Kwenye Audacity kuna kipimo kinachoishia sifuri. Sifuri si lengo, ni dari. Sauti ikigonga dari hukatwa kichwa, na kichwa kikishakatwa hakirudi. Mwambie mpigaji apige pale anapopiga kwa nguvu zaidi, kisha upunguze mpaka kilele kiwe kati ya hasi 12 na hasi 6.

Sasa chupa ikaleta shida. Gitaa la babu ni la upole, lakini msumari kwenye chupa ni mkali kama risasi. Nikipunguza kwa ajili ya chupa, gitaa linapotea. Nikiongeza kwa ajili ya gitaa, chupa inagonga dari. Nikaona nimepata akili: babu apige peke yake akisikiliza mapigo ya kompyuta, halafu chupa niirekodi baadaye. Babu akapiga kidogo, akavua hedifoni, akaziweka mezani.

"Hiki kitu kinanikimbiza," akasema. "Kwani tunaenda wapi?"

"Babu, ni cha kushika mwendo tu."

"Mwendo anashika mtu, mjukuu wangu. Mtu ananingoja nikipumua. Lete chupa."

Basi tukaacha mapigo ya kompyuta. Mimi nikasimama mlangoni na chupa, hatua nne nyuma ya maikrofoni, yeye akabaki karibu. Umbali ulifanya kazi ambayo vitufe vyote vilishindwa. Kipimo kikatulia. Siku hiyo nilielewa kwamba mashine ndiyo inayopaswa kumfuata mpigaji.

Hatua ya tano: kurekodi

Bonyeza herufi R, kaa kimya sekunde tano, kisha piga. Hizo sekunde tano za kimya utazihitaji baadaye. Mpigaji akikosea, asisimame. Arudie hapohapo, nawe utakata baadaye. Baada ya kila wimbo, hifadhi.

Wimbo wa nne ulikuwa umekaribia mwisho wakati stima zilipopotea mtaa mzima. Kompyuta bila betri ikazima papo hapo. Babu hakusema neno, lakini mkono wake ulikuwa umechoka na nilijua hatapiga tena usiku huo. Stima ziliporudi alfajiri nikaifungua Audacity, nayo ikaniuliza kama nataka kurudisha kazi ambayo haikuhifadhiwa. Nikakubali. Wimbo ulikuwepo, umepungua sekunde chache tu za mwisho. Nusura nipige nduru. Hata hivyo, msitegemee bahati, hifadhini.

Hatua ya sita: mstari wa pili

Nyimbo za babu zina kiitikio, na anayekijua ni mama tu, aliyekisikia akiwa mtoto. Mama hurudi kazini amechoka, kwa hivyo tulimrekodi siku nyingine, akisikiliza gitaa kwa hedifoni. Kwa mstari mpya, bonyeza Shift na R pamoja.

Tuliposikiliza, mama alikuwa nyuma ya babu kila mahali. Akadhani ni kosa lake. Kumbe ni kompyuta! Sauti inapoingia na kutoka hupoteza muda kidogo. Dawa yake ni hii: tengeneza mapigo kwenye mstari wa kwanza, bana hedifoni kwenye maikrofoni, uyarekodi upya kwenye mstari wa pili, kisha upime pengo. Langu lilikuwa milisekunde 90. Mpangilio uliokuwepo ulikuwa hasi 130, kwa hivyo nikaandika hasi 220. Tulipomrekodi tena, mama na babu wakakutana barabara.

Hatua ya saba: kusafisha na kutunza

Chagua zile sekunde za kimya, uionyeshe programu kwamba huo ndio uvumi wa chumba, kisha chagua wimbo wote na uuambie uvumi upungue. Upunguze kidogo tu. Ukizidisha, mwimbaji atasikika kama yuko ndani ya mtungi wa maji.

Mwisho toa faili mbili. Ya kwanza ni WAV, ya kuweka akiba. Kwa sampuli za biti 16 mstari mmoja hula kama megabaiti 5 kwa dakika. Ya pili ni MP3, ya kutumia watu kwa simu. Ya kilobiti 128 hula kama megabaiti 1 kwa dakika. Weka nakala mahali pawili, tena andika jina la wimbo, mtunzi, waliopiga, mahali na tarehe. Hilo ndilo daftari lenyewe.

Tulifika wapi?

Tulirekodi nyimbo saba. Mbili maneno yake yamemtoka babu kabisa, na mbili zina vidole vya haraka ambavyo mkono haukubali tena. Tungeanza mwaka mmoja mapema tungezipata zote. Hilo hunikera mpaka leo.

Nilipomchezea wimbo wa kwanza, babu alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilingoja asifu. Akasema, "Beti ya tatu nimekosea. Kesho tutarudia." Na tukarudia. Mwezi wa Desemba alirudi kijijini, nasi tukabaki na flashi mbili, moja kwa mama na moja kwangu.

Ndugu wasomaji, nina ombi kwa chama chetu. Kompyuta za shule zipo, na programu hii haitaki karo. Likizo ijayo kila mwanachama arekodi mzee mmoja: awe mpiga gitaa, mghani, au nyanya anayejua vitendawili. Atakayekwama anitafute darasani, nitamnakilia Audacity kwenye flashi yake. Hiyo ndiyo maana ya huria. Lakini msingoje mwezi ujao.

Kiswahili kitukuzwe!