Mkono Ukishaungwa, Tuulinde Siku Tatu



Kwetu Masese, Jinja, mkono ndio shamba letu. Mashine ikiukata, nyumba nzima inalala njaa. Lakini mkono uliokatika waweza kuungwa. Mwaka 1963, huko Shanghai nchini China, Daktari Chen Zhongwei na wenzake walimrudishia mfanyakazi wa kiwanda mkono uliokatwa na mashine. Hapa Uganda, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, njia ya Entebbe, huhamisha nyama na ngozi pamoja na mishipa yake ili kuziba jeraha kubwa.

Daktari hutazama kwa hadubini na kushona mishipa yenye upana wa milimita 1 hadi 3. Adui yake ni damu kuganda penye mshono. Bonge dogo likiziba mshipa, nyama hukosa damu na kufa. Hatari ni kubwa zaidi katika siku 3 za kwanza.

Siku hizo sisi tunaokwenda kumtazama mwenzetu wodini tuna kazi.

Kwanza, tusimpelekee sigara. Tunakiri kwamba tumewahi kufanya hivyo tukidhani tunamliwaza. Tumbaku hubana mishipa, na moshi wetu pia ni hatari kwake.

Pili, afunikwe blanketi, kwa kuwa baridi nayo hubana mishipa. Anywe maji kama alivyoagizwa.

Tatu, mkono ukae juu ya mto. Asiulalie, wala bendeji isimbane.

Nne, dawa ya kuzuia damu kuganda huamuliwa na daktari. Tusimnunulie nyingine dukani.

Tano, tuangalie rangi, hasa kwenye ukucha. Ukiwa mweupe na kidole ni baridi, damu haiingii. Ukiwa wa zambarau na kidole kimevimba, damu haitoki. Tumwite nesi saa ileile, hata usiku wa manane. Mshipa ukizibuliwa mapema, mkono waweza kupona. Tukingoja asubuhi, pengine tumechelewa.

Viongozi wa matawi nao wakumbuke: Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu ya aliyeumia kazini. Mwenzetu asitolewe kitandani kabla daktari hajaruhusu, eti fedha zimekwisha.

Daktari ameunga mkono. Kuulinda ni kazi yetu sote.