Kiolezo Kinapokatika: Juu ya Kasoro Zilizofichika katika Kamusi za Mtandaoni

Kusudi la makala haya ni kueleza kwa nini programu itengenezayo kurasa za kamusi hukatika ghafla pasipo sababu iliyo wazi, na jinsi ya kuitafuta sababu hiyo. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Lakini mara nyingi chanzo chake kimo katika maneno yenyewe, na ajuaye maneno ndiye afaaye kukigundua. Tena dawa iliyokosewa yaweza kuidhuru lugha kuliko ugonjwa wenyewe.

Neno kiolezo si geni. Latokana na kuoleza, yaani kufananisha kitu na kingine. Fundi huweka kiolezo juu ya ubao, akakata kwa kukifuata. Katika kazi yetu kiolezo ni ukurasa ulioandikwa nusu: mahali pa kidahizo, aina ya neno na maana pameachwa wazi na kutiwa alama. Programu hupita katika akiba ya maneno, ikajaza mapengo hayo, ikatoa ukurasa mmoja kwa kila neno. Mojawapo ya programu hizo ni Jinja, iliyotungwa na Armin Ronacher kwa lugha ya Python, nayo ndiyo nitakayoitolea mifano.

Ugumu wa jambo ni huu: kiolezo ni kimoja, maneno ni mengi. Kiolezo kile kile chaweza kutoa kurasa elfu moja salama, kisha kikatika katika ukurasa wa elfu na moja. Kitu kisichobadilika hakiwezi peke yake kuwa sababu ya badiliko. Basi yatupasa kutazama kilichobadilika, nacho ni neno lililotiwa ndani yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tuanze na ritifaa, alama itenganishayo ng'oa, yaani kutoa kitu kilichopandwa au kusimikwa, na ngoa, yaani wivu au tamaa. Machoni mwa msomaji alama hii ni moja. Katika orodha ya Unicode zipo angalau tatu: ya wima, ambayo nambari yake ni 39; ya kupinda, 8217, ambayo programu za kuandikia mara nyingi huiweka zenyewe badala ya ile ya wima; na ya 700, iliyokusudiwa kuwa sehemu ya herufi. Sasa tuseme mwandishi mmoja ameingiza kidahizo ng'oa kwa alama ya wima, na mwenzake, katika maelezo ya neno jingine, ameandika “tazama ng’oa” kwa alama ya kupinda. Programu itaitafuta ng'oa hiyo ya pili isiione.

Hapo ndipo penye ajabu. Jinja isipoagizwa vinginevyo, ikiambiwa iandike kitu kisichokuwapo, huandika patupu na kuendelea. Lakini ikiambiwa itoe maana iliyomo ndani ya kitu kisichokuwapo, hukatika. Ndiyo sababu ukurasa mmoja hutoka na pengo na mwingine hautoki kabisa, ijapokuwa kosa ni lile lile.

Katika Python 2, ambayo utunzaji wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020, shida ilikuwa kubwa zaidi. Ilipochanganya maandishi yaliyo katika baiti na yale ya Unicode, ilichukulia kwamba baiti zote ni za ASCII, yenye alama 128 tu, kuanzia 0 mpaka 127. Ritifaa ya kupinda katika UTF-8 huandikwa kwa baiti tatu, 226, 128 na 153, wala hakuna hata moja iliyo ndani ya mpaka huo. Aliyejaribu programu yake kwa baba na mama hakuona kosa lolote. Kosa lilikuwa likimngoja ng'ombe.

Chanzo cha pili ni rejeo la mduara. Watunga kamusi huandika “mathalan, tazama mathalani”. Mwingine, asiyejua hayo, akaandika “mathalani, tazama mathalan”. Msomaji wa kitabu hucheka na kufunga kitabu. Lakini kiolezo kilichoagizwa kuingiza maelezo ya neno linalorejewa hakijui kucheka: huingia katika la kwanza, likakipeleka katika la pili, nalo likakirudisha, mpaka kipite kikomo cha kuitana, ambacho katika Python kwa kawaida ni 1,000. Hapo programu hukatika.

Je, kosa litafutweje? Njia iliyo bora ni ya kugawa nusu kwa nusu. Akiba ya vidahizo 1,024 hugawanywa mara mbili. Nusu iliyokatika hugawanywa tena, na baada ya hatua 10 hubaki neno moja. Lakini njia hii yadai kosa liwe katika neno moja. Ikiwa mathalan imeangukia nusu hii na mathalani nusu ile, na kiolezo kimeagizwa kuyapita marejeo yasiyo na mwenyewe, nusu zote mbili zitapita salama. Mtafutaji asikate tamaa hapo, wala asidhani kwamba kosa limejiponya. Jibu hilo lenyewe ni ushahidi: kasoro haimo katika neno, imo katika uhusiano wa maneno.

Sasa dawa. Fundi mwenye haraka huona kwamba kufuta ritifaa zote huponya kurasa zote. Huponya kweli, lakini huacha kamusi ambayo mkulima ndani yake “hungoa” magugu, na mwanafunzi ajifunzaye matamshi hana tena la kumwongoza. Inayofaa ni kuchagua ritifaa moja na kuzigeuza nyingine zote kuwa hiyo, maneno yanapoingia akibani na vilevile msomaji anapotafuta. Kwa mduara, programu na iweke orodha ya maneno iliyokwisha kuyapitia, isiingie mara ya pili. Na kwa vitu visivyokuwapo, Jinja iagizwe kukataa waziwazi wakati wa majaribio, badala ya kuandika patupu. Kwa kuwa kosa lipigalo kelele hurekebishwa siku ile ile, bali pengo la kimya huchapishwa.

Kwa hiyo si haki kumwachia fundi peke yake kazi hii. Yeye ajua programu ilikatika wapi. Mwanalugha ndiye ajuaye ni nini kitapotea ikiwa itaungwa vibaya.