Je, Wajua? Amri ya matunzo ya mtoto

Je, wajua kwamba amri ya matunzo si msahafu? Baba au mama anaweza kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe, hali ya maisha ikibadilika.

• Tanzania Bara, sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa iliweka kikomo cha matunzo cha Sh100 kwa mwezi. Ilikuja kufutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

• Kenya ilitunga sheria ya aina hiyo mwaka 1959, ikaifuta 1969. Leo Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawabebesha baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

• Chini ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania, mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mlipaji, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Kodi ya chumba Sinza jijini si ya Namtumbo wilayani.

• Si mama peke yake anayeweza kuomba matunzo. Baba anayeishi na mtoto, mlezi, ndugu au Afisa Ustawi wa Jamii naye anaweza.

• Tanzania Bara, mjamzito anaweza kufungua ombi kabla hajajifungua. Akishajifungua ana miezi 24. Lakini kama mwanamume anayetajwa kuwa baba alitoa hela ya matunzo ndani ya miezi hiyo, ombi linapokelewa hata baadaye.

• Baba akimkana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

• Amri ikipuuzwa, unarudi mahakamani kuomba ikaziwe. Mshahara unaweza kukatwa, mali ikakamatwa, na malimbikizo yakadaiwa.

• Kenya, mzazi mkaidi anaweza kupelekwa jela kama mfungwa wa madai. Kutoka huko hakufuti deni.

• Kuachishwa kazi hakusimamishi amri. Anayenyamaza analimbikiza deni mwezi hadi mwezi. Awahi kuomba apunguziwe. Vilevile ada ikipanda au mtoto akipata maradhi ya kudumu, anayemlea aombe nyongeza.

• Kunyimwa kumwona mtoto si ruhusa ya kuacha kulipa. Omba amri ya kumtembelea.

• Kwa kawaida amri hukoma mtoto akifikisha miaka 18, ila mahakama inaweza kuiendeleza akiwa bado masomoni.

• Mahakama ya Watoto haisikilizi kesi hizi hadharani. Majirani hawaruhusiwi kujazana kusikiliza.

Basi ewe mlipaji, ukituma hela kwa simu, usifute ujumbe wa muamala. Unga na mafuta ulivyopeleka bila risiti ni kazi kuvithibitisha. Nawe unayelea, weka pamoja cheti cha kuzaliwa, risiti za ada na za hospitali. Mahakamani maneno matupu hayatoshi.