Gari Linapougua na Kupona Lenyewe: Tusiharakishe Kushusha Giaboksi

Ni jambo lisilofichika kwamba barabara za Kampala zimejaa magari yenye umri mkubwa. Tangu mwaka 2018, sheria ya Uganda imekataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, lakini yale yaliyotangulia kuingia yangali kazini. Miongoni mwake ni Toyota Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990, zenye injini ya dizeli ya lita 3 iitwayo 1KZ-TE, na nyingi zikiwa na gia za otomatiki. Ni magari shupavu, yenye kuhimili vilima vya mji huu. Hata hivyo, yapo maradhi yanayowatatiza wenye magari hayo: gia hukataa leo, kesho hukubali, na mbele ya fundi haionekani kasoro hata moja.

Gari letu ni mojawapo. Asubuhi lilikwenda vizuri kabisa. Baada ya saa moja katika msongamano wa Barabara ya Jinja, likawa zito kuondoka, mfano wa mtu aliyebebeshwa gunia. Jioni moja, tukiwa na watoto wa shule ndani, tuliingia barabara kuu kutoka njia ya pembeni yenye mwinuko. Tulikanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likajikokota. Lori la mizigo lilikuwa likiteremka upande wetu, na breki za dereva wake ndizo zilizotuokoa. Hapo tulitambua kwamba shauri hili halikuwa la kuahirishwa tena.

Gereji ya kwanza tuliyoiendea ilitoa hukumu papo hapo: giaboksi imekwisha, itafutwe nyingine iliyotumika katika soko la Kisekka. Wakati huo fundi alikuwa amekwisha kuchomoa waya wa betri, eti kompyuta ya gari ipate kupumzika. Siku mbili gari likawa zima. Siku ya tatu ugonjwa ukarudi.

Tuliomba muhula. Kazi ya jeshi imetufundisha kwamba ripoti isiyotaja saa, mahali na hali haina manufaa kwa kamanda. Basi tukaweka daftari garini. Kila gari lilipogoma tuliandika saa, umbali tuliokwisha kwenda, jua au mvua, mlima au tambarare, na taa zilizowaka. Baada ya wiki mbili daftari lilisema jambo moja waziwazi: gari halikugoma hata mara moja likiwa baridi, na kila lilipogoma taa ya "O/D OFF" ilikuwa ikimetameta.

Kwa ushahidi huo tulimwendea fundi mwingine, naye akafuata utaratibu wa kuanzia lililo rahisi. Kwanza alipima mafuta ya gia, gari likiwa na moto, injini ikinguruma polepole, breki ya mkono imekazwa, na mkono wa gia umepitishwa katika nafasi zote hadi kurudi kwenye P. Mafuta yakipungua, gia huteleza. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, giaboksi imeumia kweli. Yetu yalikuwa mekundu na hayakunuka.

Pili aliichunguza injini, kwa kuwa dizeli iliyokosa nguvu husingiziwa gia. Chujio la dizeli lililoziba, chujio la hewa lililojaa vumbi, au mpira wa tabo uliopasuka, vyote huleta uzito ule ule. Tatu aliitazama kebo inayoipa giaboksi habari za mguu wa dereva. Vyote vilikuwa salama.

Mwisho aliiuliza kompyuta. Katika kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti aliunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya "O/D OFF" ikamulika mara 6, ikatua, ikamulika mara 2. Katika Toyota nyingi za enzi hiyo, namba 42 huelekeza kwenye sensa ya mwendo, na 62 na 63 kwenye solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zinazoamuru mafuta yapite wapi ili gia ibadilike. Solenoidi ya kwanza ikikosa umeme, gari huondoka kwa gia ya tatu badala ya ya kwanza. Huo ndio uliokuwa uzito wetu.

Solenoidi yenyewe ilikuwa nzima. Waya wake ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, karibu na bomba la moshi. Ulipopata joto ncha ziliachana, ulipopoa zikagusana. Matengenezo yalikwisha kabla ya adhuhuri, kwa gharama isiyofikia hata ile ya kushusha giaboksi.

Hapa pana funzo kwa mafundi na wenye magari. Kompyuta ya gari hukumbuka kosa hata gari lilipopona, lakini anayechomoa betri kabla ya kuisoma huenda akamfukuza shahidi mahakamani. Aidha, si kila gari lina kompyuta ya namna hii. Mwenye Mercedes-Benz ya dizeli ya miaka ya 1980 aanze kwa kukagua mipira myembamba inayotoka kwenye pampu ya kuvuta hewa, kwani ikipasuka, gia hubadilika kwa kuchelewa na kwa kishindo.

Hatusemi kwamba giaboksi haifi. Tunasema ishushwe baada ya ushahidi, si kabla. Fundi huliona gari kwa saa chache, nalo huenda limeamua kuwa zima siku hiyo. Dereva huishi nalo kila siku. Kwa hiyo ni wajibu wa dereva kuandika anachokiona, na ni wajibu wa fundi kukisoma kabla ya kushika spana.