Ziwa Kivu: Kibali Mfukoni, Mpaka Akilini

Siku za Jumapili mimi huvua kwa ndoano kutoka ufuo wa Himbi, hapa Goma. Kila kijana anayeomba nafasi mtumbwini namwuliza kwanza: mpaka unaujua?

Nchi kavu mpaka na Rwanda unaonekana: vituo vya Grande Barrière na Petite Barrière, foleni, mihuri. Ziwani mstari hauonekani. Ni ule waliokubaliana Wabelgiji na Wajerumani mwaka 1910; kisiwa cha Idjwi kikabaki Kongo, kile cha Iwawa kikaangukia upande wa Rwanda.

Kibali cha kuvua kinakoma kwenye mstari huo. Ukiuvuka, hata kwa kufuata tilapia mmoja, umeingia nchi ya watu bila ruhusa, na unaweza kupoteza mtumbwi na uhuru wako. Sheria nazo zinatofautiana. Rwanda hufunga uvuvi kila mwaka kwa takriban miezi miwili ili sambaza wazaane. Samaki hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha pande zote mbili.

Adui yetu mkubwa ni upepo. Goma imepakana kabisa na Rwanda. Ukizima injini na kushusha mshipi, mtumbwi unaweza kuserereka mashariki huku macho yako yametulia kwenye chelezo. Ndiyo maana naelekea magharibi, upande wa Tchegera, bila kukisogelea kisiwa chenyewe, maana ni cha Hifadhi ya Virunga. Nachagua alama mbili za nchi kavu, mti na paa la nyumba nyuma yake. Zikianza kuachana, nashika kasia.

Vijana wangu, chukueni kibali kabla ya kununua ndoano. Ziwa hili ni letu na la jirani. Tuliheshimu ili watoto wetu nao walivue kwa amani.