Fahamu: Ushirikishwaji wa Umma katika Ujenzi wa Jiji

Ushirikishwaji wa umma ni wajibu wa serikali wa kuwaarifu raia na kusikiliza rai zao kabla ya barabara, soko au mtaro kujengwa. Nchini Kenya, ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 imeuhesabu miongoni mwa maadili ya taifa.

Mfano wa Mukuru

Mwaka 2017, Kaunti ya Nairobi ilipoutangaza mtaa wa Mukuru, wenye kaya zipatazo 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango, wakazi walijipanga katika vikundi vya kaya kumi kumi, wakajadiliana juu ya maji, vyoo na upana wa vichochoro, jambo ambalo, kwa hakika, ndilo huamua ukuta wa nani utabomolewa.

Kwa nini ni muhimu

Tangazo lililobandikwa ofisini kwa chifu, kwa lugha asiyoifahamu mchuuzi, halitoshi hata chembe: mwaka 2019 jopo la kitaifa la mizozo ya mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, kwa kuwa wenyeji hawakushauriwa ipasavyo.